MALEZI NYUMBANI: Mtoto mkubwa na kidole chake



Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wasiotaka kulala. Barua zilikuja nyingi, moja imeandikwa nyuma ya karatasi ya kliniki kwa sababu karatasi nyingine haikupatikana, na tumezisoma zote. Lakini tatu kati yake hazikuwa za usingizi hata kidogo. Zilikuwa za kidole. Mama mmoja wa Lobule anasema: "Mutoto wangu iko na miaka kenda, anasoma P3, na bado ananyonya kidole kama bebe. Namuchapa, haachi. Nifanye nini?" Baba mmoja wa Imvepi anauliza kama ni ugonjwa, na kama kuna dawa ya kununua mjini. Nyanya mmoja hakuuliza kitu. Ametuambia tu kwamba mjukuu wake amekataa kwenda shule kwa sababu wenzake wanamwita "bebe", na kwamba yeye mwenyewe amechoka.

Kabla ya kujibu tuna deni la kulipa. Miaka kadhaa iliyopita ukurasa huu uligusa habari ya kidole kwa mistari michache, na tulisema hivi: pakeni pilipili, mtoto ataacha. Tulisema hivyo kwa sababu hata sisi tulipakwa pilipili tukiwa wadogo, wala hatukujiuliza zaidi. Wiki mbili baadaye mama mmoja alikuja kwetu na mtoto wake wa kiume wa miaka saba, jicho moja limevimba na limefumba kabisa. Alipakwa pilipili jioni, akalala, usiku akajipangusa macho. Alilia mpaka asubuhi. Jicho lilipona, tunashukuru Mungu, lakini mama yule alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Ninyi munaoandika, mulijaribu kwa watoto wenu?" Hatukuwa na jibu. Na kidole chenyewe? Siku tatu tu, mtoto akakirudia. Kwa hiyo haya ya leo ni marekebisho pia, na kama kuna mtu bado ametunza ile karatasi ya zamani, awashie jiko.

Tuanze na mtoto mdogo ili tusimwonee bure. Mtoto huanza kunyonya kidole hata kabla ya kuzaliwa. Mashine za kutazama mimba zinamwonyesha akiwa bado tumboni, kidole kiko mdomoni. Ni nguvu aliyopewa, bila hiyo asingejua kunyonya ziwa. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4, bila kuambiwa na mtu, kwa sababu wamepata mambo mengine ya kufanya na mikono yao. Basi mwenye miaka miwili muacheni. Leo tunamwongelea mkubwa, wa miaka 6, 8, 10 na hata kupita, yule ambaye mgeni akiingia nyumbani mama anamkonyeza atoe mkono mdomoni.

Kwa nini tunahesabu kuanzia 6? Ni kwa sababu ya meno. Karibu na umri huo meno ya utoto yanaanza kutoka, na yale ya mbele juu, ya ukubwani, yanaota mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Mfupa wa taya wakati huo bado unafuata kitu kinachousukuma, kama mti mchanga unavyofuata kamba uliyoufungia. Kidole kikikaa hapo saa nyingi, meno ya juu yanasukumwa nje, ya chini yanalala ndani, na katikati linabaki tundu. Mtoto anauma meno yote pamoja lakini ya mbele hayakutani. Mpe muhindi wa kuchoma utaona: anaukata kwa pembeni, kwa magego, kwa sababu mbele hapakati. Wengine ulimi unapenya katika lile tundu wakitaka kusema "s" au "z". Paa la kinywa nalo linaweza kuwa jembamba.

Si kila anayenyonya anafika huko. Kuna anayeweka kidole mdomoni kikatulia tu, na kuna anayenyonya kwa nguvu mpaka mashavu yanaingia ndani na sauti inasikika chumba cha pili. Huyu wa pili ndiye wa kuangalia. Tazameni na kidole chenyewe: kikiwa na ngozi ngumu kama ya mkulima juu ya kiungo, au ukucha una usaha pembeni, jueni kazi inafanyika nyingi usiku.

Habari njema ni hii: mtoto akiacha wakati meno ya ukubwani bado yanaota, mara nyingi lile tundu linapungua lenyewe, na wengine linafunga kabisa. Akichelewa mpaka meno yamekaa, ni kazi ya vyuma vya kunyosha meno, na gharama yake tunaijua wote hatuiwezi. Kama mna safari ya Arua kwa sababu nyingine, pitieni kwa watu wa meno katika hospitali kubwa ya rufaa, wamtazame.

Jambo la minyoo tulipitie haraka maana mmelisikia kwa VHT mara nyingi. Mayai ya minyoo yanakaa kwenye udongo, udongo unakaa kwenye kucha, kucha zinaingia mdomoni. Ile midogo myeupe ndiyo mibaya kwa mnyonya kidole: inawasha matakoni usiku, mtoto anajikuna akiwa usingizini, kisha kidole kile kile kinarudi kinywani, na mzunguko unaanza upya hata kama alimeza dawa juzi. Kateni kucha fupi. Na zile siku za afya ya mtoto za mwezi wa 4 na wa 10, dawa ya minyoo inatolewa kwa wenye mwaka 1 mpaka 14, kwa hiyo yule mkubwa wa P5 naye aende, asiambiwe ni mambo ya watoto wadogo. Wakati wa Ebola kule Ituri na Kivu ya Kaskazini, kuanzia 2018 mpaka 2020, tulinawa mikono kila mpaka na kila mlango. Wale ambao watoto wao walikuwa wanyonya vidole wakati ule wanakumbuka walivyolala na hofu.

Lakini hatutaki kuwatisha kwa meno na minyoo, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hajali meno ya mwaka ujao, na mama aliyechoka anaposikia vitisho anaongeza fimbo. Tulichokosea zamani si pilipili peke yake. Tulikosea kwa kudhani kidole ni tabia mbaya iliyomshika mtoto hivi hivi. Kwa mtoto mkubwa kidole kina kazi. Kuna kitu kinamfanyia. Ukikitoa bila kujua kazi yake, kazi ile inabaki bila mfanyakazi, na mtoto atamrudisha yule yule aliyemzoea.

Tukaenda kumtembelea yule nyanya wa barua ya tatu, Lobule, siku ya Jumamosi. Nyumba yake iko pembeni, karibu na mashamba ya wenyeji. Msichana mwenyewe alikuwa anaruka kamba na wenzake, mikono miwili ikizungusha, hakuna kidole wala nini. Nyanya akatuambia: "Muone sasa, mchana ni mutu mukubwa. Usiku ni mutoto wa kubeba."

Tulimwomba afanye jambo moja gumu: wiki nzima asiseme neno. Asimchape, asimkonyeze, asivute mkono. Atazame tu. Kwa kuwa hajui kuandika tulimpa vikombe viwili. Kila mara kidole kinapoingia, akiwa gizani atie punje ya muhindi katika kimoja, akiwa mwangani atie katika kingine. Alituangalia kama watu waliokosa kazi. Lakini alifanya.

Wiki ilipoisha kikombe cha usiku kilikuwa na punje nyingi, hilo alilitegemea. Kikombe cha mchana kilikuwa na chache, na nyanya alizikumbuka zote moja moja. Karibu zote zilikuwa saa nane au saa tisa, wakati hakuna kitu kwenye sufuria. Moja tu ilikuwa tofauti. Siku ya Jumapili mama yake msichana, anayefanya kazi za nyumbani mjini Arua, alipiga kwa simu ya jirani. Waliongea kidogo, salio likaisha, simu ikakatika katikati ya neno. Msichana alimrudishia jirani simu yake, akakaa nyuma ya nyumba, kidole kikaingia, na hakikutoka mpaka giza.

"Sasa nimeelewa," nyanya alisema. "Mimi nilikuwa namuchapa juu ya mama yake."

Hatukuongeza neno pale, maana hakukuwa na la kuongeza. Kulikuwa na jirani amekaa na sisi, mzee wa Kikakwa, mwenyeji wa hapo, aliyekuja kuazima panga. Alikuwa amesikiliza kimya muda wote. Akanyoosha mkono wa kushoto, akatuonyesha kidole gumba, kimebapa upande mmoja mpaka leo. "Mwaka wa 80 sisi ndio tulikimbia," alisema kwa Kiswahili chake cha zamani. "Tulienda upande wa Zaire, kwenu huko. Mimi nilikuwa mutoto. Mama alibaki nyuma na wazee. Nilinyonya hii mupaka nilikuwa mukubwa kabisa, miaka kumi na mbili. Walinipiga, walipaka mavi ya kuku. Mama alipofika, niliacha wiki moja." Kisha akachukua panga lake akaenda. Sisi watu wa Kongo huwa tunasahau kwamba wengi wa hawa wanaotupokea walikuwa wageni wetu baada ya Amin kuanguka.

Basi, mama yake msichana hawezi kuacha kazi Arua, pesa yake ndiyo inayonunua chumvi na daftari. Ilibidi kutafuta njia nyingine, na njia aliyoifuata nyanya tunaiandika hapa jinsi ilivyokuwa, si kwa sababu kila nyumba itafanana, lakini ina mambo ya kuchukua.

Kwanza aliongea na mtoto mchana, wakiwa wanabambua karanga, si usiku wakati kidole kiko mdomoni. Hakumwambia "acha". Alimuuliza kama yeye mwenyewe anataka kuacha. Msichana alificha mkono, akakaa sana bila kujibu, halafu akasema anataka wasimwite bebe. Hapo ndipo mahali pa kuanzia. Mtoto wa miaka 8 au 9 si wa kuachishwa kama ziwa. Lazima awe upande wako. Kama anasema hataki, subirini, ongeeni tena mwezi ujao. Ukianza wewe peke yako utakuwa askari na yeye mfungwa, na mfungwa anatafuta giza.

Pili, usiku alimpa kitu cha kushika. Chini ya gunia kulikuwa na kikwembe cha zamani cha mama yake, kimechakaa, bado kina harufu ya mtu. Msichana alianza kulala amekikunja katika mikono miwili. Mikono miwili, hilo ni jambo la maana, kwa sababu mkono mmoja ukibaki bure unajua njia. Na nyanya akasogeza mkeka wake ukaja karibu, ncha ya kikwembe ikawa kwake. Mtoto akishtuka usiku anavuta, nyanya anavuta kidogo, wanalala.

Tatu, simu. Walipatana na mama kwamba apige Jumapili kabla salio halijaisha, na kwamba neno la mwisho liwe la mtoto. Kabla ya kukata anaambiwa siku atakayopigiwa tena. Ni jambo dogo, lakini mtoto anayejua siku anasubiri, na asiyejua anaogopa.

Nne, kamba. Nyanya alichukua kamba ya katani akaifunga kwenye mti wa nyumba. Kila asubuhi ambayo kidole kimeamka kikavu, msichana anafunga fundo moja mwenyewe. Hakuna zawadi ya pesa, tulikubaliana hapo. Mafundo saba, anachagua hadithi ya jioni au anasukwa nywele mtindo anaoutaka. Wengine wametuambia wanatia maharagwe kwenye kopo, ni sawa, ila maharagwe kwa nyumba zetu za sasa yana hatari ya kupikwa kabla ya wiki kuisha.

Fundo la kumi na moja lilifungwa vizuri. Usiku uliofuata ilinyesha mvua ya mawe, na ninyi mnaolala chini ya turubai mnajua sauti yake. Msichana aliamka akilia, na asubuhi kidole kilikuwa kimelowa na kimenyauka kama zamani. Alichukua kisu akataka kukata kamba yote. Hapa nyanya alifanya kitu ambacho sisi tulioandika kurasa nyingi za malezi tusingekiwaza. Alimwambia fundo likishafungwa limefungwa, mvua haifungui fundo. Acha nafasi hapo ya mvua, funga linalofuata mbele yake. Kamba ile tumeiona. Ina mafundo mengi na ina nafasi saba au nane, na msichana anajua kila nafasi ni ya nini: hii mvua, hii nilikuwa na malaria, hii mama hakupiga.

Alirudi shule wiki ya tatu. Nyanya alikwenda naye mwenyewe kuongea na mwalimu, na mwalimu, mwenye watoto wengi kupita kiasi darasani, alifanya mawili tu: alikataza neno "bebe", na akapatana na msichana ishara yao ya siri. Akiona mkono unapanda, mwalimu anagusa sikio lake mwenyewe. Hakuna mwingine anayejua. Tunaomba walimu wanaosoma ukurasa huu waige, maana kumwita mtoto mbele ya darasa "toa kidole" kunampa jina ambalo atalibeba mpaka P7.

Habari ya njaa tusiiruke. Tangu mgao ulipopangwa kwa makundi mwaka 2023 kuna nyumba zinazopata kidogo na kuna zisizopata, na hatuwezi kuandika hapa "mpeni mtoto chakula cha mchana" kama vile hamjui. Tunachosema ni kwamba kidole cha saa tisa si utundu, msikichape. Kama kuna uji wa asubuhi, mwenye kidole atunziwe kikombe. Kama hakuna, apewe maji na kazi ya mikono pamoja na wengine: kupepeta simsimu, kusuka kamba, kutengeneza mpira wa mifuko. Mikono yenye kazi inasahau mdomo kwa muda, ingawa tumbo halisahau.

Baba wa Imvepi, wewe uliuliza dawa ya mjini. Kuna za kupaka, chungu, zinauzwa, lakini huna haja ya safari. Maji ya jani la shubiri au la mwarobaini yaliyopakwa kidogo juu ya ukucha yanatosha, kwa sharti moja: mtoto awe amekubali, ajue ni ya kumkumbusha akiwa usingizini, na ajipake yeye mwenyewe. Kama hajakubali ni adhabu tu yenye jina la dawa. Mafuta ya mwarobaini msitumie, yakimezwa ni sumu kwa watoto, hasa wadogo. Na kwa kuwa huku West Nile tumbaku imelimwa sana, tunasema wazi: maji ya tumbaku kamwe, yanaweza kumlaza mtoto hospitali. Pilipili mmeshajua. Wembe wa kumtisha, kaa la moto, nyongo, yote hayo yaacheni. Na jambo jipya la siku hizi, kumpiga mtoto picha akiwa amelala na kidole halafu kuituma kwenye WhatsApp ya ukoo ili aone aibu: ataona aibu kweli, na ataenda kuificha aibu hiyo na kidole.

Wapo wanaofanikiwa kwa soksi. Mtoto anavaa soksi mkononi wakati wa kulala, imefungwa kwa uzi laini. Wengine wanazungusha kitambaa cha kitenge kwenye kiwiko, kimelegea, ili mkono ukikunjwa ukumbuke. Kisikaze, damu ipite, mshipi wa vidole viwili upenye chini yake bila shida. Hii nayo ni kwa mtoto aliyekubali.

Wavulana tumewaona wachache katika barua lakini si kwamba hawapo. Kijana wa miaka kumi na mbili anavuta blanketi mpaka kichwani ili kaka zake wasione, na baba yake hajui mpaka leo. Baba ukigundua, usicheke. Muite peke yake, mwambie hata watu wazima wana vidole vyao, na wewe unavuta sigara ya usiku nje ya mlango. Hilo atalielewa upesi.

Chagueni na wakati. Msianze wiki ya msiba, wala mama anapojifungua, wala mnapohama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine. Mtoto ana mzigo mmoja tayari.

Na kuna kidole kimoja ambacho hakifuati haya yote. Ni cha mtoto aliyekwisha kuacha zamani, miaka miwili au mitatu, na ghafla amerudia. Pengine ni mdogo mpya nyumbani, au mnapigana ninyi wakubwa usiku na mnadhani amelala. Lakini kama pamoja na kidole ameanza kukojoa kitandani, anaogopa kutumwa nyumba fulani, anajificha mtu fulani akija, msimkazanie kidole. Kaeni naye, msimhoji kama polisi, mwambieni hatapigwa kwa lolote atakalosema, kisha msubiri. Akisema kitu kizito, nendeni kwa watu wa ulinzi wa watoto kwenye eneo lenu, au pigeni 116, hailipishwi hapa Uganda. Wala msimalize jambo la namna hiyo kwa mbuzi kati ya familia mbili.

Mama wa Lobule mwenye mtoto wa P3, barua yako ilikuwa fupi na hukutuambia kidole kinaingia saa ngapi. Chukua vikombe viwili wiki hii, weka fimbo juu ya dari, halafu utuandikie tena. Msichana wa yule nyanya anaendelea. Mara ya mwisho tulipopita alikuwa na homa, amelala mchana, kikwembe mkono mmoja na kidole mdomoni, na nyanya alitufanyia ishara tusimwamshe.

Mwezi ujao, kwa kuwa barua mbili zimegusa jambo hilo, tutaongea juu ya kukojoa kitandani. Barua tieni katika sanduku letu siku ya mgao au mpeni VHT wa bloki yenu. Anayejua kuandika amsaidie jirani, na asisome kwa sauti kubwa njiani.